Mtoto wa Nyumba ya Sajini Rugamba

Nakivale, 6 Aprili 2024

Mudogo wangu Eugénie,

Nakusalimu wewe, shemeji Naboth na watoto wote. Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu na kwa nguvu ya mihogo. Mvua imekuja kwa wakati wake, mahindi yamefika magotini. Kinu kinasaga kutwa nzima. Masikio yangu ndiyo yamepungua tena. Mashine imekwisha kula la kushoto, sasa imeanza la kulia. Kwa hiyo usinipigie simu. Mara ya mwisho ulipopiga nilisikia kama kuku anataga. Andika, mpe Faizo. Pikapu yake inakuja kuchukua unga wangu kila Alhamisi, na yeye hasomi barua za watu. Si kwa heshima, ni kwa uvivu.

Nianze na linalonikaa rohoni. Hukuja kwenye ibada ya kumkumbuka marehemu mke wangu Pascasie. Tulikuwa watu thelathini na mmoja pamoja na kwaya, nilipika mchele kilo kumi na mbili, na kiti cha wifi yake kilikaa kitupu. Kutoka Mbarara mpaka hapa ni mwendo wa saa mbili. Watu wametoka Kampala.

Lingine. Kanisani wanasema wanafunzi wa uafisa kutoka kwetu Congo wanakuja kwenye kambi ya jeshi mnakokaa na Naboth, kwamba chuo chao na chuo cha huku ni marafiki wa siku nyingi. Sijui kwa nini kila mtu anakuja kunieleza mimi. Mimi sina mtu jeshini. Nilimwambia Gad mwenyewe, miaka mitano iliyopita, fasi ya wazi, mbele ya wazee wa kanisa: siku utakayovaa lile gwanda, sema huna baba. Akaenda kwa mjomba wake Uvira, akavaa. Basi, yameisha. Kama kwa bahati utamwona mtu huko, usiniandikie. Sikuuliza.

Nakutumia unga wa muhogo, uliolowekwa siku zake zote. Ule wa dukani Mbarara ni chokaa, nakwambia mimi kaka yako mkubwa.

Yaya yako,
Kalume

*

Kakiika, Mbarara, 28 Aprili 2024

Yaya Kalume,

Salamu mingi toka kwetu sote. Unga ulifika, Naboth alikula bugali mpaka akasahau kwamba yeye ni Munyankore. Junior wangu amepona malaria. Ndiyo iliyonizuia kuja kwenye ibada ya wifi yangu. Nilikuandikia siku ileile. Faizo ameikuta barua juzi chini ya kiti cha gari lake, imekaliwa na abiria wa mwezi mzima. Nisamehe mimi, halafu umgombeze yeye.

Umesema hukuuliza. Sawa, nami sikujibu, ninapiga soga tu.

Wamefika. Kuna desturi moja ya vyuo hivi ambayo nadhani huijui, maana hata mimi nimeelezwa na Naboth. Zamani sana, kundi la kwanza la wanafunzi wa kwetu lilipokuja huku, mmoja aliugua akakaribia kufa. Mke wa sajini mmoja akamchukua nyumbani kwake, akamnywesha uji wiki tatu. Mkuu wa chuo alipokuja kumshukuru, yule mama akakasirika: «Mtu anashukuriwa kwa kulisha mtoto wake?» Toka hapo ikawa sheria. Kila mwanafunzi mgeni asiye na ndugu Uganda anapewa nyumba kambini. Anakula humo Jumapili, anafagia, anagombezwa kama wengine. Na siku ya kuagana baba wa nyumba anasimama mbele ya wakuu wa vyuo vyote viwili, anasema: huyu ni mtoto wa nyumba yangu. Wanasema nchi hizi mbili zilipokuja kugombana, vyuo viliacha kuandikiana miaka mingi, lakini yule mama na yule kijana hawakuacha. Barua zao ndizo zilizorudisha urafiki.

Basi siku ya kwanza afisa akauliza: nani ana ndugu nchi hii? Wawili wakainua mkono. Gad hakuinua. Mimi nilikuwa nimesimama na wanawake wengine, karibu kama kutoka kwako mpaka kwenye kinu. Ameota ndevu, yaya. Ana mabega ya baba yetu.

Jioni nikamvizia kwenye bomba la maji. Nikamwambia, «We Gad, mimi shangazi yako ni mti?» Akaangalia chini. «Shangazi, baba alisema niseme sina baba. Nikisema nina shangazi, wataniuliza: ni dada wa nani?»

Nikachota maji yangu nikarudi nyumbani. Amepewa nyumba ya Sajini Rugamba na mkewe Evas, mlango wa tatu kutoka kwetu. Ni watu wazuri. Wana ng'ombe huko Isingiro.

Mudogo wako,
Eugénie

*

Nakivale, 11 Mei 2024

Mudogo wangu,

Tuko wazima. Faizo nimemgombeza, ameapa kwa Mungu na kwa gari lake.

Huyo mtu alijibu vizuri. Angalau heshima ya kushika neno anayo.

Unajua vizuri kwa nini nilisema vile, lakini nitaandika mara moja ili usiniulize tena. Waliokuja kule kwetu mlimani walivaa magwanda. Ya jeshi gani, sijui. Wengine wanasema hawa, wengine wale. Mimi niliona gwanda. Walichukua kinu changu cha kwanza na ng'ombe watano, na Pascasie alilala njiani akashindwa kuamka. Nilifika huku na mtoto mgongoni na sufuria moja. Nilianza kwa kusaga kwa mkono, leo nina mashine mbili na watu wanne wanakula kwa kazi yangu. Hakuna shirika lililonipa hata mkanda wa mashine. Nilijenga nyumba ya mabati kumi na sita, na chumba cha upande wa kulia nilikijenga kwa ajili ya huyo kijana. Nilimwambia: kinu ni chako. Akaniambia anataka kujifunza kulinda watu. Kulinda! Kwa nguo ileile! Sasa chumba kinalala magunia.

Unasema vyuo viwili vina undugu, vinagombana vinapatana. Vizuri. Vina majengo na bendi. Mimi nina mkanda wa mashine unaokatika.

Jambo moja la afya, si la kitu kingine. Kama hao watu ni wafugaji, watamjaza maziwa. Tumbo lake halipokei maziwa mabichi toka utotoni, ataumwa na ataona haya kusema. Wampe yaliyoganda. Ninasema hivyo kwa sababu hata mgonjwa wa mtu usiyemjua unamhurumia.

Kalume

*

Kakiika, 2 Juni 2024

Yaya,

Mungu awe nawe. Enid wangu ameanza kutembea, anaanguka kila hatua ya tatu na anacheka mwenyewe. Naboth amerudi kutoka zamu ya mpakani, amekonda.

Ujumbe wa maziwa niliufikisha. Umechelewa wiki moja: Evas alikuwa anamnywesha bilauri kubwa kila asubuhi kwa sababu anamwona mwembamba, na kijana anakunywa, anasema asante, anakimbilia nyuma ya nyumba. Evas alicheka mpaka akakaa chini. Akamuuliza, «Mbona hukusema, mwana wangu?» Halafu akanigeukia mimi: «Na wewe nyabo, dada yangu, umejua je tumbo ya mgeni wangu?»

Nikasema nimeota. Gad alikuwa anacheka na sisi, kisha akaacha kucheka, akatoka nje, akashinda anapasua kuni ambazo hakuna aliyemtuma. Alijua ndoto hiyo imetoka wapi.

Sasa nisikilize. Kuagana ni Jumapili tarehe 14 Julai. Wakirudi, hawatakaa chuoni hata mwezi. Wanapelekwa kwenye vita, upande wa kaskazini. Gad haogopi risasi. Anaogopa jambo moja, na wewe unalijua maana sisi wote tumelelewa nalo: neno la mzazi la laana halitolewi na mchungaji wala shangazi. Linatolewa na kinywa kilicholisema. Amekaa nalo miaka mitano. Unataka aende nalo huko?

Sikuombi ulipende gwanda. Nakuomba uje.

Eugénie

*

Kakiika, 23 Juni 2024

Yaya,

Tumesalimika. Wiki tatu hujajibu. Faizo anasema alikupa barua mkononi, ukaisoma umesimama, ukaiweka mfukoni, ukamwambia apakie unga. Ninakufahamu. Ukinyamaza hivyo si kwamba huna la kusema.

Leo Evas alimnyoa Gad nywele mlangoni. Alimshika kichwa kama anavyoshika wanawe.

Eugénie

*

Nakivale, 8 Julai 2024

Eugénie,

Salamu. Mahindi yamekauka, tumevuna nusu. Mzee wa pili wa kanisa amepata mjukuu. Hayo ndiyo ya nyumbani, na sasa nieleze wewe: nani alimwonyesha Sajini Rugamba kinu changu? Nakivale hii ina watu zaidi ya laki moja na nusu. Mtu hawezi kushuka garini akaja moja kwa moja mpaka kwangu kama ng'ombe anayerudi zizini.

Alikuja Jumamosi, siku ya watu wengi. Foleni ya wanawake na makarai yao ilikuwa imepinda mpaka barabarani. Namwona mtu mrefu, shati limepigwa pasi, mkononi jerikeni ya maziwa, kwapani jogoo. Anasogeza midomo. Nikajua anataka unga. Nikamwambia apange foleni, akapanga! Alipofika mbele nikamuuliza, «Magunia mangapi?»

Akaonyesha kidole kimoja.

«La mahindi ama la muhogo?»

Akatikisa kichwa, akaonyesha nizime mashine. Nilitaka kumfukuza, lakini jogoo alikuwa mzuri. Nikazima. Akavua kofia, akapiga kelele kwenye sikio langu la kulia, na foleni yote ikasikia:

«Mzee, jambo! Mimi naitwa Sajini Rugamba. Kijana yako iko kwa nyumba yangu.»

«Sina kijana,» nikasema.

«Sawa. Lakini kwetu Ankole, mtoto ya mtu hawezi kuwa ya nyumba yangu kama baba yake iko hai na mimi sijaomba. Hiyo ni wizi. Wizi ya ng'ombe tunaweza kusamehe. Ya mtoto, hapana. Jumapili nitasimama mbele ya wakubwa wa nchi mbili, niseme huyu ni wangu. Sasa nimekuja kuomba kwanza. Ni kijana mzuri. Anaamka mapema, anafagia, watoto wangu wanamfuata kama vifaranga. Mke wangu anampenda sana. Hii maziwa na hii jogoo ni ya kuomba. Wewe unapeana, ama unakataa?»

Wanawake wakasogea karibu. Mama Belyse, unamjua, yule anayetembeza habari kuliko redio, alikuwa mbele kabisa na karai lake kichwani.

Eugénie, nilifungua kinywa kusema: mchukue, sina kazi naye. Maneno yalikuwa tayari. Nimeyabeba miaka mitano, nayajua kama ninavyojua uzito wa gunia. Kikatoka kitu kingine.

«Simupeani!»

Akainamisha sikio, kana kwamba kiziwi ni yeye. «Unasema je, mzee?»

«Nasema simupeani! Nimemubeba kwa mugongo toka kwetu mpaka Bunagana! Mama yake amekufa mu njia, mimi njo nilikuwa ninamutafunia mihogo! Miaka kumi na ine nimemulisha hapa, nimemujengea chumba, na wewe unakuja na jerikeni moja ya maziwa, maziwa yenyewe hawezi kunywa! Mutoto ni wangu!»

Mama Belyse akatupa karai chini na kupiga vigelegele. Foleni nzima ikampokea. Mimi nimesimama pale na unga usoni, na natambua nilichokisema, na mashahidi hamsini wamekisikia.

Rugamba akavaa kofia yake, akasimama wima, akanipigia saluti. Mimi! Mkimbizi mwenye kandambili.

«Vizuri, mzee. Kama hupeani, mimi sina ruhusa kusimama. Jumapili saa nne utasimama mwenyewe.»

«Umenitega,» nikamwambia.

«Mzee, mimi ni mwanajeshi. Kutega ni kazi.»

Maziwa akaacha, na jogoo. Alisema si ya kuomba tena, ni ya salamu. Nilimsagia debe moja la mahindi aondoke nalo, maana siwezi kuachwa nimepewa bure na mtu wa jeshi. Tukanywa chai. Kumbe baba yake alikuwa anamkataza jeshi pia. Akafa wakiwa hawasemezani. Aliniambia hivyo huku anaangalia pembeni, na kwa sababu ya sikio langu ilibidi anieleze mara mbili. Mara ya pili ilimshinda.

Nimeandika zaidi ya nilivyotaka. Nitafika na pikapu ya Faizo. Sina koti, la Naboth litanitosha mabega lakini si tumbo, niazimie la mtu mwingine. Usimwambie Gad.

Hapana, mwambie. Asije akaanguka mbele ya watu.

Kalume

*

Kakiika, 17 Julai 2024

Yaya wangu,

Umefika salama? Faizo anasema njiani hukusema neno mpaka Isingiro, halafu ukaanza kumweleza bei ya dizeli. Nikajua umefika.

Swali lako la nani alimwonyesha Rugamba kinu, sikuliona kwenye barua. Labda mvua imefuta wino.

Nataka nikueleze nilichoona mimi, maana wewe ulikuwa katikati yake na watu wa katikati hawaoni. Nilikuwa jikoni nyuma ya hema, mwiko mkononi, nimechungulia kati ya maturubai. Kwa wengine wote walisimama baba zao wa nyumba, kila mmoja akasema sentensi yake, bendi ikapiga kidogo. Zamu ya Gad ikaja. Rugamba akainuka, akasema, «Mimi nimeomba huyu, nikanyimwa. Mwenye mtoto iko hapa.» Watu wakacheka. Mkuu wa chuo cha kwetu hakucheka; alikutafuta kwa macho.

Ukainuka na lile koti nililokuazimia kwa mchungaji wetu. Ulisema kwa sauti ya mtu anayeshindana na mashine, wakuu wote wawili wakarudi nyuma: «Mimi njo baba yake! Neno nililomuambia, ninalitoa!» Ukachota maji kwenye kikombe, ukayajaza mdomoni, ukampulizia kichwani, kama wazee wetu wanavyofuta neno. Yakamfikia mpaka kapteni aliyekuwa pembeni na medali zake. Hakujifuta, yule kapteni. Nimempenda.

Halafu ukamwona Evas. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, kama mtu aliyepokonywa. Nilidhani utapita. Ukamwita: «Mama Evas, mutoto ana baba, mama hana. Kuya, simama fasi hii.» Alikuja anakimbia, kiatu kimoja kikabaki. Naboth anasema katika desturi hiyo yote haijatokea mtoto kusimamiwa na watu wa nchi mbili. Wakuu wamesema wataiandika.

Sasa hilo ninalotaka kujua. Baada ya maji, kabla ya Evas, ulimshika Gad shingo ukamwambia kitu kwa sauti ya chini. Wewe! Miaka kumi sijakusikia ukisema chini. Akainama, akakaa ameinama muda mrefu mpaka bendi ikadhani imekosea. Ulimwambia nini?

Wameondoka jana asubuhi. Alipita kuniaga, akanikumbatia bila kuangalia nani anaona. Hakuniambia. Anasema nikuulize.

Eugénie

*

Nakivale, 27 Julai 2024

Mudogo wangu Eugénie,

Tumefika, tuko wazima. Mahindi yameisha shambani. Koti la mchungaji limefuliwa na limerudi kwake kwa pikapu ya Faizo, kifungo kimoja nimekishona upya. Mwambie shemeji Naboth ahsante kwa chakula, na Mama Evas nimemtumia unga, laini, kama anavyoutaka yeye.

Watu hapa wanaongea. Wengine wameacha kuja kwangu, wanasaga kwa jirani. Mmoja aliniuliza usoni, «Kalume, baada ya yote yaliyotupata, mwanao ni askari wa nani?» Nikamjibu: ni mwanangu. Akaniuliza tena, nikamjibu vilevile. Bado ninalichukia lile gwanda, usidhani nimebadilika. Nilimshika shingo, kitambaa chake ni kigumu, kinakwaruza. Lakini shingo ilikuwa ileile.

Nilichomwambia hutakijua. Ni cha kwangu na chake. Alichonijibu ninaweza kukuambia, maana kinakuhusu na wewe.

Aliniambia kwamba kabla ya kwenda vitani kila mmoja anataja mtu mmoja, wa kuambiwa kwanza kama kuna lolote. Yeye miaka yote alikuwa amemtaja mjomba wake wa Uvira, na huku kambini akakutaja wewe, kwa siri, mkijua wewe na mkuu wake tu. Ndiyo, najua. Umenificha toka Mei. Sasa ameomba litolewe jina lako, liwekwe langu. Aliniuliza kama ninakubali. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayekupa mzigo mzito na hataki uone haya kuukataa.

Nimekubali.

Kwa hiyo nakuandikia hili wewe na Naboth, na umsomee Rugamba pia, maana ninyi ndio mko karibu na kambi na habari za jeshi zinapitia kwenu. Ikija yoyote, msikae nayo. Msiniambie ana homa kumbe ni kingine. Msimtume mchungaji aje anishike mkono huku anatafuta maneno. Msiwaambie wengine ili waje wakae na mimi kwanza. Iwe ni cheo amepata, iwe ni mguu amepoteza, iwe ni ile nyingine: ianzie kwangu, nzima, siku ileile.

Mimi ndiye baba yake.

Yaya yako,
Kalume